Jasho na Mvua: Namna ya Kuchagua Koti la Mvua Linalopumua kwa Safari za Nyanda za Juu Kusini

Mara ya kwanza nilipopanda Mlima Rungwe nilikuwa nimevaa koti refu la plastiki, nikiamini kwamba koti lisilopitisha hata tone moja ndilo bora kupita yote. Mvua ilianza tulipokuwa bado ndani ya msitu, nami nikafunga vifungo vyote mpaka shingoni na kuendelea kupanda. Baada ya mwendo wa saa mbili fulana yangu ilikuwa chepechepe. Nililivua koti, nikaligeuza nje ndani na kulikagua nikitafuta mahali linapovuja, nisione tundu wala mshono uliofumuka. Maji yale hayakutoka mawinguni. Lilikuwa jasho langu mwenyewe, lililokosa njia ya kutoka. Tulipofika kwenye uwazi wa juu, karibu na kilele chenye urefu wa takribani mita 2,960, upepo ulinipiga nikatetemeka hata nikashindwa kufungua mkoba wa chakula, ilhali mwenzangu aliyevaa jezi ya mpira wa miguu na koti jepesi aliloliacha wazi kifuani alikuwa amelowa mabegani tu na hakulalamika baridi.

Kwa hiyo mtu akiniomba ushauri wa koti la mvua, swali ninalotangulia kumuuliza ni kazi gani ataifanya akiwa ndani yake, na jasho la kazi hiyo litatokea wapi. Kiasi cha mvua atakayokutana nayo huja baadaye. Anayesimama kituoni akisubiri basi hahitaji koti analolihitaji anayepanda mlima na mzigo mgongoni, hata kama wote wawili wananyeshewa na wingu lilelile.

Mvua na mwinuko wa huku kwetu

Katika Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Wilaya ya Rungwe, hasa upande wa Tukuyu, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na ni miongoni mwa sehemu zinazonyeshewa sana nchini. Wageni wengi hudhani kwamba dawa ni kusafiri kiangazi. Lakini yapo mambo ambayo hayaonekani kiangazi: maua ya Kitulo, uwanda ulioitwa Bustani ya Mungu na uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, huchanua kwa wingi katika miezi ya mvua, hasa kuanzia Desemba hadi Aprili. Anayetaka kuyaona hana budi kukubali kunyeshewa, na mkulima wa viazi wa Makete au mchuma chai wa Mufindi hana hata nafasi ya kuchagua.

Jambo la pili la kuzingatia ni mwinuko. Joto la hewa hupungua kwa takribani nyuzi 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100 unazopanda. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi, na uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 na kuendelea, kwa hiyo asubuhi ileile Kitulo kuna baridi zaidi ya Mbeya kwa nyuzi tano au sita, kabla hujahesabu upepo. Ukishuka Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, upo kwenye mita 500 tu na hewa ni ya joto na nzito kwa unyevu. Tofauti hii ndiyo itakayoamua, kama nitakavyoeleza, ikiwa koti la gharama kubwa litakufaa au litakuwa mzigo.

Kitambaa hupumua kwa namna gani

Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Uskoti alisajili uvumbuzi wa kubandika mpira katikati ya vitambaa viwili, na watu wakapata makoti yasiyopitisha maji kabisa. Walipata pia jasho lisilo na pa kwenda. Makoti yetu ya plastiki ya bei nafuu yana tabia hiyohiyo hadi leo: yanazuia mvua kwa ukamilifu, na yanazuia mvuke wa mwili kwa ukamilifu uleule.

Mwaka 1969 Mmarekani Bob Gore aligundua kwamba plastiki iitwayo PTFE ikivutwa ghafla hugeuka kuwa utando mwembamba wenye vitundu vidogo visivyohesabika. Kutokana na ugunduzi huo kilipatikana kitambaa cha Gore-Tex, na baada yake vikafuata vingi vya aina hiyo. Vitundu hivyo ni vidogo mno kwa tone la maji, lakini ni vikubwa vya kutosha kwa mvuke, ambao husafiri kwa chembe mojamoja. Makoti mengine hayana vitundu. Yamepakwa tabaka la poliyurethani, aina ya plastiki, ambalo huunyonya mvuke upande wa ndani, ukapenya polepole na kutokea nje. Aina zote mbili hufanya kazi kwa sharti moja: ndani ya koti pawe na joto na unyevu mwingi kuliko nje, kwa sababu mvuke hutoka mahali ulipojaa na kuelekea mahali ulipopungua.

Hapo ndipo mwinuko unapoingia. Kitulo, ambako nje kuna baridi na wewe ndani umechemka kwa mwendo, tofauti ni kubwa na utando hufanya kazi yake. Kyela, ambako hewa ya nje ni ya joto na imejaa unyevu karibu sawa na hewa ya ndani ya koti, mvuke hauna sababu ya kuondoka. Nimewaona watu wakilaumu koti zuri kwa kosa la mahali. Kwa safari za mabondeni ningechagua mwavuli, au joho pana la mvua lililo wazi chini na pembeni, kuliko koti lolote lenye utando.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji hulisahau. Juu ya utando kuna kitambaa cha nje, nacho hupakwa dawa inayoyafanya maji yaviringike na kudondoka kama yanavyodondoka kwenye jani la gimbi. Dawa hiyo ikiisha, kitambaa cha nje hunywa maji na kuwa kizito na cha baridi. Utando bado haujatoboka na mvua haipiti, lakini mvuke unakuta ukuta wa maji mbele yake, unarudi ndani na kuganda kuwa matone. Mvaaji hujiona amelowa na kusema koti linavuja. Makoti mengi yanayotupwa kwa tuhuma ya kuvuja yalihitaji tu kurejeshewa dawa hiyo.

Tarakimu za kwenye lebo

Lebo za makoti mazuri huwa na tarakimu mbili. Ya kwanza, inayoandikwa kwa milimita, inaeleza uzito wa maji ambao kitambaa kinaweza kuuhimili: milimita 10,000 maana yake ni kwamba kitambaa kilibebeshwa mnara wa maji wenye urefu wa mita 10 kabla hakijaanza kupenya. Kitambaa cha milimita 1,500 hustahimili manyunyu, lakini mahali panapobanwa, kama vile chini ya mikanda ya begi au penye magoti unapopiga goti, maji husukumwa yakapita. Kwa mvua ndefu za Rungwe na begi mgongoni, ningeanzia 10,000.

Tarakimu ya pili ndiyo inayohusu kupumua, na huandikwa kwa gramu za mvuke zinazopita katika mita moja ya mraba ya kitambaa kwa saa 24. Tuifanyie hesabu, maana hesabu hii imeniokolea fedha. Koti la gramu 10,000 hupitisha takribani gramu 417 kwa saa katika kila mita ya mraba, tena katika mazingira ya maabara ambako kila kitu kimepangwa kulisaidia. Koti la mtu mzima hufunika kiasi cha mita moja ya mraba, pengine kuzidi kidogo. Mtu anayepanda mlima kwa nguvu anaweza kutoa jasho la nusu lita hadi lita moja kwa saa, yaani gramu 500 hadi 1,000. Ni wazi kwamba hata koti zuri linashindwa na jasho la mpandaji mwenye haraka, na la gramu 3,000 au 5,000 linashindwa mapema zaidi. Baadhi ya watengenezaji hutumia kipimo kingine kiitwacho RET, ambacho hupima ukinzani wa kitambaa dhidi ya mvuke, kwa hiyo hapo namba ndogo ndiyo nzuri: chini ya 6 ni bora sana, kati ya 6 na 12 ni nzuri, na ikizidi 20 tarajia kulowa kwa jasho.

Kwa sababu hiyo nayathamini matundu ya hewa kuliko tarakimu. Zipu ndefu chini ya kwapa, mifuko yenye bitana ya wavu inayoweza kuachwa wazi, mgongo wenye mkunjo unaoficha tundu la hewa, na zipu ya mbele inayofunguka kutoka juu na kutoka chini, vyote hivi hutoa joto na mvuke kwa kasi ambayo utando wowote hauifikii. Nikiwa na makoti mawili mbele yangu, moja la gramu 20,000 lisilo na zipu za kwapani na jingine la gramu 8,000 lenye zipu hizo, nitachukua la pili bila kusita.

Kazi kwanza, koti baadaye

Dereva wa bodaboda anayevuka milima ya Uporoto kati ya Mbeya na Tukuyu hatoi jasho jingi, bali anapigwa na mvua inayosukumwa na upepo. Kwake suti nzito ya plastiki au ya mpira, yenye suruali na koti, inafaa kabisa, mradi iwe na rangi ya kung'aa na mistari inayoakisi mwanga, kwa maana ukungu wa barabara ile huficha hata lori. Asidanganywe kununua koti la gharama linalopumua.

Mtu anayelima, kupalilia au kuvuna hutoa jasho jingi na kuinama kila wakati. Kwake naona afadhali vazi fupi lililo wazi pembeni, pamoja na kofia pana, na nguo ya ndani inayokauka upesi. Wachuma chai wa Mufindi na Rungwe wamelijua hili siku nyingi: hujifunga aproni ya plastiki kuanzia kiunoni, ambako majani yenye umande hulowesha, na kuuacha mgongo upate hewa.

Koti lenye utando linamfaa hasa mpandaji mlima, mwongoza watalii, mchungaji wa nyanda za juu na mtu wa misitu, yaani wote wanaotembea kutwa katika baridi na mvua isiyokoma. Hao ndio ninaowashauri wasubiri, waweke akiba, na wanunue koti moja zuri badala ya matatu hafifu.

Kulikagua koti la mtumba

Wengi wetu tutalipata koti hilo kwenye soko la Mwanjelwa, Mbeya, au kwenye mnada, katika marobota ya mtumba, na hilo si jambo la kusikitikia. Makoti bora kabisa niliyowahi kuvaa yalitoka huko. Lakini koti la mvua huzeeka kwa siri, na lenye rangi nzuri kwa nje linaweza kuwa limekufa ndani. Omba muda wa kulikagua, na muuzaji akikuharakisha, mwambie kwa upole, "Kaka, naomba niligeuze kwanza," kisha uligeuze nje ndani.

Anza na bitana. Tabaka la poliyurethani likizeeka huanza kunata vidoleni kama gundi, hutoa harufu kali ya uchachu, kisha hubanduka magamba meupe. Ukiona dalili moja kati ya hizo, rudisha koti, kwa sababu hakuna dawa ya kulifufua tabaka lililokwisha kubanduka. Pitisha kidole juu ya mishono: koti halisi la mvua lina utepe uliobandikwa kwa joto juu ya kila mshono, maana sindano hutoboa kitambaa na kila tundu la sindano ni njia ya maji. Utepe ulioinuka sehemu ndogo unaweza kubandikwa tena, ila ukiwa umeachia mabega yote mawili, achana nalo. Koti lisilo na utepe kabisa ni la upepo na manyunyu, hata kama muuzaji anaapa.

Kisha weka mdomo kwenye kitambaa na upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita kwa urahisi, maji nayo yatapita. Usidhani kwamba kupitisha pumzi ndiyo "kupumua" tunakokuzungumzia hapa, kwani utando hupitisha mvuke bila kuachia upepo. Mwisho, omba maji kidogo, kunja sehemu ya mgongo iwe kama bakuli, mimina na usubiri dakika chache huku ukipapasa chini yake kwa kiganja kikavu. Maji yakiviringika juu, dawa ya nje bado ipo. Yakinywewa na kitambaa lakini kiganja kikabaki kikavu, utando ni mzima na dawa ndiyo iliyoisha, na hilo unaweza kulinunua ukiomba upunguziwe bei.

Ukiwa na koti nyumbani na unataka kujua kama linapitisha mvuke, funika kikombe cha maji ya moto kwa kitambaa chake, upande wa ndani ukitazama maji, kisha inamishia juu yake glasi kavu na baridi. Baada ya dakika chache glasi ikiingiwa na ukungu, mvuke umepita. Rudia kwa koti la plastiki uone glasi inavyobaki safi.

Umbo na ukubwa

Livae koti juu ya sweta, si juu ya fulana pekee, halafu nyosha mikono yote miwili juu kana kwamba unashika tawi. Pindo lisipande juu ya mkanda na mikono isirudi mbali na vifundo. Vaa kofia yake, ikaze, kisha geuza kichwa kulia na kushoto: kofia nzuri hugeuka pamoja na uso, mbaya hubaki mahali pake nawe ukatazama bitana. Ukingo wa mbele uwe mgumu kidogo ili maji yasikutiririkie machoni. Pindo lifunike makalio. Koti linalobana halipumui vizuri hata likiwa na utando wa aina gani, kwa kuwa hewa haina nafasi ya kuzunguka.

Kinachovaliwa ndani

Koti linalopumua juu ya fulana ya pamba ni fedha iliyopotea. Pamba hunyonya jasho, hulishikilia na kulipoza juu ya ngozi. Jezi ya mpira, ambayo kila kijana anayo, ni ya poliesta, haishiki maji mengi na hukauka upesi mwilini. Sijaona nguo ya ndani iliyo rahisi na bora kuishinda. Juu yake vaa sweta la sufu, ambalo hutia joto hata likiwa na unyevu, au sweta jepesi la poliesta lenye manyoya mafupi. Jinzi usiivae kabisa: ikilowa huwa nzito, hukwaruza mapaja na haikauki hadi kesho yake. Suruali ya truksuti inatosha. Miguuni, gambuti ni za shambani na njia za tope za karibu. Mlimani vaa viatu vyenye kisigino kinachoshika, na ukubali kwamba vitalowa.

Anza safari ukisikia baridi kidogo. Anayeanza kupanda akiwa na joto la kupendeza, baada ya robo saa atakuwa anatokwa jasho. Manyunyu yakianza nawe unapanda mwinuko mkali, acha zipu za kwapani wazi na punguza mwendo. Ukifika kileleni au mahali pa kupumzika, vaa sweta kavu kabla hujaanza kutetemeka, kisha funga koti. Sweta hilo libebe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, chini kabisa ya begi, na usilitumie kwa lolote jingine.

Kulitunza

Uchafu, mafuta ya mwili na moshi wa jikoni huua dawa ya nje na kuziba utando, kwa hiyo koti linapaswa kufuliwa, tofauti na wengi wanavyoogopa. Tumia sabuni laini kidogo, maji ya vuguvugu, na suuza mara mbili au tatu mpaka povu liishe, maana sabuni inayobaki huvuta maji. Usitie dawa ya kulainisha nguo wala ya kung'arisha. Likishakauka kivulini, lipitishie pasi ya umeme yenye joto la chini kabisa huku umetanguliza kitambaa kikavu juu yake, ikiwa lebo inaruhusu, kwa sababu joto huamsha dawa ya nje iliyolala. Pasi ya mkaa usiijaribu. Joto lake halipimiki na litayeyusha nailoni. Maji yakiendelea kunywewa baada ya hapo, nunua dawa ya kupulizia ya kurejesha uzuiaji maji.

Usilianike juu ya jiko, na usilihifadhi likiwa bichi ndani ya begi, kwani unyevu na joto ndivyo vinavyoharakisha kubanduka kwa tabaka la ndani. Litundike mahali penye hewa. Siku litakapoanza kutoa magamba, kata mgongo wake, shona kingo, na ulitumie kufunikia kuni au begi la matandiko unapopandisha mizigo juu ya basi la kwenda Matamba.